Kodi Isiyomwona Mzee wa Nyumbani

Hati ya mshahara ya mfanyakazi wa Bujumbura husomeka kwa dakika moja. Juu kuna jina na namba yake, kisha mshahara wa msingi, posho ya nyumba na posho ya usafiri. Chini yake ni makato: kwanza mchango wa INSS kwa ajili ya pensheni, halafu kodi ya mapato ya ajira, ambayo kila mtu ofisini huiita IPR kwa herufi zake za Kifaransa. Mwisho kabisa ni kile kinachobaki. Karatasi hiyo inajua mengi kumhusu mtu huyu. Akiwa mtumishi wa serikali, inajua hata kama ana mwenzi na ana watoto wangapi, kwa sababu posho ya familia huhesabiwa kwa ajili yao. Lakini hata ukiigeuza nyuma haitakuambia kama katika chumba cha uani kule Buyenzi au Musaga amelala mama yake mwenye miaka 78, aliyepooza upande mmoja, wala kama sehemu kubwa ya ile tarakimu ya mwisho huishia kwenye dawa, nepi na ujira wa mtu anayemgeuza kitandani. Dai langu ni kwamba kodi ya Burundi inapaswa kumwona mama huyo, na kwamba njia ya kumwona ipo, ni rahisi, wala haihitaji kuiga nyumba za wazee za Ulaya.

Tuanze na hesabu. Sheria ya kodi za mapato ya tarehe 24 Januari 2013, inayosimamiwa na Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR, iliweka ngazi tatu kwa mshahara wa mwezi. Faranga 150,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kuanzia hapo hadi 300,000 hutozwa asilimia 20, na kila faranga inayozidi 300,000 hutozwa asilimia 30. Chukua wafanyakazi wawili wa ofisi moja, meza zao zinatazamana, kila mmoja ana mapato ya kutozwa kodi ya faranga 600,000. Wote wawili hukatwa 30,000 kwa ngazi ya pili na 90,000 kwa ya tatu, jumla 120,000, na hubaki na 480,000. Sasa tuseme wazazi wa yule wa kwanza wako Ngozi, buheri wa afya, na bado wanalima, ilhali mwenzake hutumia faranga 200,000 kila mwezi kumtunza mama mgonjwa. Wa kwanza anaishi kwa 480,000, wa pili kwa 280,000. Mwenye nyumba hatampunguzia huyu wa pili kodi ya pango, wala bei ya mchele sokoni Ruvumera haitashuka kwa sababu ya mama yake. Ni sheria ya kodi peke yake inayosema kwamba hawa wawili wana uwezo sawa.

Mzigo huo umezidi kuwa mzito kwa sababu ngazi zenyewe zimezeeka. Mwaka 2013, faranga 150,000 zilikuwa karibu dola 100 kwa bei rasmi ya benki. Baada ya Benki ya Jamhuri ya Burundi kushusha thamani ya faranga Mei 2023, kiasi hichohicho hakikufika hata dola 55. Dawa za presha na za kisukari hutoka nje ya nchi, na bei yake hufuata dola. Mtu aliyekuwa chini ya kizingiti cha kodi miaka kumi iliyopita amepandishwa juu yake na mfumuko wa bei, na dawa ya mzazi wake imepanda pamoja naye.

Msingi wa kodi ya mapato, popote inapofundishwa, ni kwamba mtu alipe kwa kadiri ya uwezo wake. Uwezo si jumla ya fedha zilizopita mkononi, bali ni zile anazoweza kuzipangia matumizi mwenyewe. Kwa wafanyabiashara sheria inalitambua hilo bila ubishi. Mwenye ghala karibu na bandari ya Bujumbura, kabla ya kupigiwa kodi ya faida, huondoa ujira wa mlinzi wa usiku, mafuta ya jenereta na pango la ghala, kwa kuwa bila hivyo biashara isingeingiza kitu. Mfanyakazi anayemlipa yaya abaki na mama yake kuanzia saa moja asubuhi yuko katika hali iyo hiyo, kwani asipomlipa hawezi kutoka nyumbani, na asipotoka hapati mshahara wa kukatwa kodi. Mlinzi wa magunia anahesabiwa kuwa gharama ya kupata mapato, na mlinzi wa mama anahesabiwa kuwa starehe ya mwenye mshahara. Sioni hoja ya haki inayoweza kuutetea mgawanyo huo.

Wapo watakaosema kwamba kumtunza mzazi ni jambo la hiari na mapenzi, kama kununua nguo ya sikukuu, na serikali haina sababu ya kuchangia hiari ya mtu. Sheria za Burundi zenyewe zinakataa. Kanuni ya Watu na Familia ya tarehe 28 Aprili 1993 inamwekea mtoto wajibu wa kumkimu mzazi mhitaji, na mzazi aliyetelekezwa anaweza kuudai mahakamani. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, katika kifungu cha 29, unamwamuru kila mtu awaheshimu wazazi wake wakati wote na kuwakimu wanapokuwa na shida. Nao si maneno ya mbali ya Banjul au Addis Ababa, kwa sababu kifungu cha 19 cha Katiba ya Burundi kimezifanya haki na wajibu zilizomo katika mkataba huo kuwa sehemu ya Katiba yenyewe. Basi faranga 200,000 za yule mfanyakazi wa pili hazikuwa zake kamwe. Zilikuwa na mwenyewe kabla mshahara haujaingia benki. Sheria moja inamwamuru azitoe, nyingine inamtoza asilimia 30 juu yake kana kwamba alibaki nazo.

Ni vizuri kutazama kwa karibu kazi yenyewe inayolipiwa, maana anayesikia neno matunzo ya wazee anaweza kudhani ni uji na mazungumzo. Mtu aliyepatwa na kiharusi asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, la sivyo ngozi ya kiunoni na visiginoni huanza kuwa nyekundu, kisha huchanika, na kidonda kikishaingia ndani kinaweza kumuua kabla ya ugonjwa wenyewe. Kumgeuza kunataka watu wawili, au mmoja mwenye nguvu na ujuzi: kwanza mto, kisha bega, kisha nyonga, shuka likivutwa pamoja naye lisimkwaruze. Maji ya kumwogesha huchemshwa kwa makaa. Chakula husagwa na kulishwa polepole huku ameinuliwa, kwa sababu akipaliwa maji huingia mapafuni. Dawa ya asubuhi si ya jioni. Nepi za watu wazima zikikosekana au zikiwa ghali, vitambaa hufuliwa na kuanikwa uani mara nne kwa siku, na kipindi cha mvua havikauki. Nchi zenye nyumba za wazee zenye wauguzi huiita kazi hii huduma na kuiandikia ankara ya mwezi. Bujumbura huifanya chumbani, na anayeifanya ni binti, mke wa mtoto wa kiume, au msichana aliyetoka mkoani kutafuta kazi ya uyaya na kukuta kwamba mtoto anayemlea ana mvi.

Kutokuwepo kwa ankara kumewafanya watunga sera waamini kwamba gharama nayo haipo. Ndiyo maana mzee wa Burundi amepita katikati ya kila orodha bila kuguswa. Mei 2006 serikali ilifuta malipo ya matibabu kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua, na ulikuwa uamuzi mwema uliookoa maisha. Mradi wa Merankabandi, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, uligawa fedha taslimu kwa kaya maskini zenye watoto wa chini ya miaka 12. Mfuko wa matibabu wa watumishi wa umma, ambao Wabujumbura wanauita Mutuelle, humhesabu mwanachama, mwenzi wake na watoto wake. Kila moja ya orodha hizi ina sababu yake nzuri, lakini zote pamoja zinachora familia yenye ngazi mbili, wazazi na watoto. Familia ya Kirundi, na ya Kiswahili ya Buyenzi vilevile, haijawahi kuwa na ngazi mbili. Babu na bibi wamo ndani ya nyumba, wanakula chungu kimoja na wengine, na bado hawaonekani kwenye fomu yoyote inayoleta nafuu.

Nchi nyingine zimewahi kulitatua tatizo hili, na kila moja imeacha funzo. Marekani humruhusu mtoto anayebeba zaidi ya nusu ya mahitaji ya mzazi wake kuondoa gharama za matibabu yake kwenye mapato, kwa kiasi kinachozidi asilimia 7.5 ya mapato hayo, na gharama hizo zinaweza kujumuisha makazi ya wazee yenye huduma iwapo mtaalamu wa afya amethibitisha kwamba mzee hawezi peke yake kufanya angalau mambo mawili kati ya sita: kula, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kitini, kuoga, kuvaa, na kuzuia haja. Kipimo hicho kinanivutia kuliko kodi yenyewe, kwa sababu hakiulizi jina la ugonjwa wala mashine ya hospitali. Muuguzi wa kituo cha afya chochote cha Kinama anaweza kukitumia kwa kumtazama mzee kwa nusu saa. Sheria hiyohiyo ina fomu, namba 2120, kwa ndugu wanaochangiana: ikiwa hakuna mmoja anayebeba zaidi ya nusu lakini kwa pamoja wanaibeba, wanaweza kukubaliana kwa maandishi nani kati ya waliochangia zaidi ya asilimia 10 atamwandikisha mzazi mwaka huo. Ni sheria ya mbali, lakini ukiisoma utadhani aliyeiandika amekaa kwenye kikao cha familia yetu, pale kaka mkubwa anapotaja kiasi chake na wadogo wanafuata.

Ghana iko karibu zaidi. Sheria yake ya kodi ya mapato inampa mlipakodi nafuu ya sedi 1,000 kwa mwaka kwa ajili ya ndugu anayemtegemea mwenye miaka 60 au zaidi, wasizidi wawili. Kiasi ni kidogo, na hata hivyo kinavunja ile hoja kwamba nafuu za namna hii ni anasa ya nchi tajiri. Kenya, kwa upande wake, imesita mlangoni. Nafuu yake ya bima, asilimia 15 ya malipo hadi kikomo cha shilingi 60,000 kwa mwaka, inahesabu bima ya mtu mwenyewe, mwenzi na mtoto. Mama hayumo, ingawa kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema mzee ana haki ya kutunzwa na familia yake na Dola. Ile picha ya familia yenye ngazi mbili si yetu peke yetu. Tuliirithi pamoja na fomu.

Lakini mfano unaoniuma zaidi ni wa Ufaransa. Kifungu cha 205 cha sheria yao ya kiraia kinawalazimu watoto kuwakimu wazazi wahitaji, kama yetu. Tofauti ni kwamba sheria yao ya kodi imeifuata ile ya familia: anachotoa mtoto kumkimu mzazi huondolewa katika mapato yake, hata kama amekilipa moja kwa moja kwa nyumba ya wazee, mradi uhitaji na malipo vina ushahidi. Mzazi akiwa nje ya Ufaransa mlango haufungwi. Wanachotazama ni kama kiasi kinalingana na gharama za maisha ya huko aliko. Kwa hiyo wafikirie ndugu wawili wa tumbo moja, mama yao yuko Bwiza. Mmoja anafanya kazi Lyon na hutuma fedha kila mwezi. Mwingine anafanya kazi Bujumbura, ndiye anayempeleka mama Hospitali ya Prince Régent Charles, ndiye anayeamka saa nane za usiku. Hazina ya Ufaransa inaweza kumpunguzia kodi yule wa kwanza kwa ajili ya mama huyu Mrundi. Hazina ya Burundi, nchi ambayo mama huyo aliilimia na kuizalia, haimpunguzii wa pili hata faranga moja.

Je, tunakili sheria ya Ufaransa? Hapana, na hapa natofautiana na wanaodhani kwamba jibu ni kuondoa gharama kwenye mapato. Turudi kwenye hesabu. Tukimruhusu kila mtu kuondoa faranga 100,000, mwenye mapato ya 600,000 ataokoa 30,000, kwa sababu fedha hizo zilikuwa kwenye ngazi ya asilimia 30. Mwenye mapato ya 280,000 ataokoa 20,000. Mwenye 140,000 hataokoa kitu, kwa kuwa hakuwa akilipa. Yaani kadiri mtu anavyopata zaidi ndivyo mama yake anavyothaminiwa zaidi, jambo ambalo hakuna mtu angethubutu kulisema kwa sauti. Afadhali nafuu ya kiasi kimoja, inayotolewa kwenye kodi yenyewe baada ya kupigwa: tuseme faranga 15,000 kwa mwezi kwa kila mzazi anayemtegemea mtoto wake, na mara mbili yake kwa mzazi asiyeweza yale mambo mawili kati ya sita. Mkurugenzi na karani wapate sawa. Ndugu waruhusiwe kuigawana au kumwachia mmoja wao. Wala isiulizwe mzee analala wapi, kwa mtoto, kwa mjukuu, au kwa watawa, ili sheria isimsukume mtu yeyote kumtoa mzazi nyumbani kwa ajili ya karatasi.

Hofu ya kwanza ya Wizara ya Fedha itakuwa udanganyifu, na ni hofu ya haki. OBR iliundwa mwaka 2009 kwa sababu mapato yalikuwa yakivuja kila upande, na hakuna anayetaka kufungua tundu jipya la watu kuandikisha wazazi waliokwisha kufa. Ila wazazi, tofauti na gharama za safari za kibiashara, ni rahisi kuhesabu. Hakuna aliye na wanne wa kuzaa. Mzee ana kitambulisho, ile karangamuntu, na namba yake inaweza kuwekwa mara moja tu kwenye daftari la kodi. Ndugu wa pili akiiandika, mashine inakataa au inagawa. Cheti cha uhai hutolewa na komini, na wastaafu wamezoea kukipeleka kila mwaka ili wapate pensheni. Kama mzazi ana pensheni nono, INSS inajua kiasi chake. Mtaani, kiongozi wa nyumba kumi anajua ni nani anayemtunza nani kuliko mkaguzi yeyote. Udanganyifu utakuwepo, kama ulivyo katika kila kodi, lakini kudanganya juu ya mtu ambaye majirani humsikia akikohoa usiku ni kazi ngumu.

Hofu ya pili ni upungufu wa mapato. Nayo tuipigie hesabu badala ya kuiogopa gizani. Nafuu ya 15,000 kwa mwezi ni 180,000 kwa mwaka. Wakijitokeza watu 10,000, gharama ni faranga bilioni 1.8. OBR imekuwa ikikusanya zaidi ya trilioni moja kwa mwaka, kwa hiyo tunazungumzia chini ya faranga mbili katika kila elfu moja. Wakijitokeza mara tatu yake, bado hazifiki sita. Kwa upande mwingine wa mizani kuna kitu ambacho Hazina haikiandiki popote: wanawake wanaoacha kazi au kufunga kibanda sokoni ili wakae na mzazi, kwa sababu ujira wa yaya unazidi kile ambacho kingebaki mkononi. Kodi yao na ya biashara yao hupotea moja kwa moja, na baada ya mazishi wengi hawarudi, mtaji ukiwa umeliwa na dawa. Nafuu ndogo inayomwezesha mmoja kati yao kubaki kazini inaweza kujilipia.

Pingamizi jingine haliko kwenye hesabu, na nadhani ndilo linalowagusa wengi. Linasema kwamba malezi ya mzazi ni deni la maziwa na usiku wa kukesha, kwamba mtu hutafuta radhi na si risiti, na kwamba serikali ikianza kuweka bei itaozesha kitu ambacho kimetuweka pamoja hata katika miaka mibaya. Naliheshimu sana pingamizi hili. Lakini linachanganya bei na utambuzi. Posho ya watoto haijawahi kumfanya mzazi amnyonyeshe mtoto kwa ajili ya fedha. Faranga 15,000 hazimnunui mtu aamke usiku. Aliyeamka alikuwa ameshaamka. Zinachofanya ni kupunguza idadi ya nyumba ambamo upendo umebaki lakini dawa imekwisha, na ni katika nyumba hizo, kati ya tarehe 20 na mwisho wa mwezi, ndugu hugombana juu ya nani hakutoa, maneno yakasemwa ambayo hata radhi haiyafuti. Anayejali umoja wa familia atazame pia umasikini unavyoukata.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote, na sitajaribu kulipunguza uzito. Warundi wengi hawana hati ya mshahara. Wanalima, wanavua Tanganyika, wanauza ndizi na makaa, wanaendesha baiskeli za abiria. Nafuu ya IPR haiwafikii, na kuna mchumi atakayeuliza kwa nini tuanze na wale ambao tayari wana ajira mjini, badala ya kuchukua kila faranga iliyopo na kuwapa wazee wote pensheni. Majirani wametuonyesha kwamba inawezekana. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Uganda humpa mzee wa miaka 80 shilingi 25,000 popote alipo nchini. Kenya, kupitia Inua Jamii, hulipa shilingi 2,000 kuanzia miaka 70. Ningelazimishwa kuchagua moja, ningechagua pensheni. Kwa mzee ambaye watoto wake walichukuliwa na vita vilivyoanza 1993, au walibaki katika kambi za Tanzania, nafuu ya kodi ni habari ya watu wengine.

Hata hivyo sikubali kwamba lazima tuchague. Pensheni kwa wote ni mpango wa mabilioni mengi, unaohitaji daftari la wazee nchi nzima, njia ya kuwafikishia fedha milimani, na uamuzi wa kisiasa utakaodumu zaidi ya bajeti moja. Kanuni ya hifadhi ya jamii ya Mei 2020 imeweka msingi, lakini kutoka msingi hadi paa ni safari. Nafuu ya kodi ni kifungu kimoja katika sheria ya bajeti, ambayo hupitishwa kila mwaka kabla ya Julai mosi. Tena daftari litakalotokana nayo, la wazee wenye karangamuntu, umri wao na hali yao ya mwili, ni kipande cha lile daftari ambalo pensheni italihitaji. Mjini kuanze kuandikwa, milimani kuendelee.

Na mtu wa kutuonyesha kwa nini vyote viwili vinatakiwa yumo ndani ya chumba kilekile cha uani. Yule yaya anayemgeuza mama wa mfanyakazi wa ofisini ana mama yake mwenyewe, labda Muyinga, labda Cankuzo, naye amezeeka. Kila mwezi hupeleka nyumbani sehemu ya ujira wake kwa simu. Ujira huo uko chini ya faranga 150,000, kwa hiyo halipi kodi ya kupunguziwa. Nafuu niliyoieleza hapa itamsaidia mwajiri wake aweze kumlipa kwa wakati, pengine na kumwandikisha INSS, basi. Mama yake kule mlimani hageuzwi na mtu aliyelipwa. Anageuzwa na mjukuu wa miaka 11, kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi, na kwa huyo hakuna karatasi ya Bujumbura itakayofika isipokuwa ile ya pensheni, yenye jina la bibi mwenyewe.